Mtandao wa kompyuta kati ya nyota: kanuni zake na maana yake kwa Bukoba na visiwa vya Muleba

BUKOBA – Mwananchi wa Bukoba anapotuma ujumbe kwenda Dar es Salaam, safari ya ujumbe huo humalizika kabla hajapepesa jicho. Umbali kati ya miji hiyo miwili unazidi kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, lakini nuru iliyo ndani ya nyuzi za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Hata njia ikizunguka kwa kupita mikoa kadhaa, ujumbe huenda na jibu hurudi ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Hali ni tofauti kabisa kwa chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, tarehe 5 Septemba 1977. Chombo hicho kiliingia katika anga iliyo kati ya nyota mwezi Agosti 2012, na sasa kipo zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Mawimbi ya redio, ambayo katika anga tupu husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, hutumia karibu siku nzima kukifikia, na jibu lake hutumia muda kama huo kurudi.

Nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, ipo mbali zaidi ya hapo. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.24, sawa na kilomita trilioni 40 hivi. Salamu inayotumwa leo kutoka Bukoba ingefika huko baada ya zaidi ya miaka minne, na mtoto anayeanza darasa la kwanza wakati wa kutumwa kwa salamu hiyo angepokea jibu akiwa ameshaingia sekondari.

Wahandisi wamekuwa wakitafuta namna kompyuta zilizotenganishwa na umbali wa aina hiyo zinavyoweza kuunda mtandao mmoja. Majibu waliyoyapata yanawahusu pia watu wanaoishi mahali ambapo mawasiliano huja na kupotea, wakiwemo wakazi wa visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba na Mazinga katika Wilaya ya Muleba.

Kwa nini intaneti ya kawaida haitoshi

Intaneti ya leo inaendeshwa kwa itifaki, yaani taratibu ambazo kompyuta hukubaliana kuzifuata zinapowasiliana. Misingi ya itifaki kuu, TCP, iliwekwa mwaka 1974 na wataalamu wawili wa Marekani, Vinton Cerf na Robert Kahn. Utaratibu wake unafanana na ustaarabu wa mgeni anayefika nyumbani kwa mtu: kompyuta ya kwanza hubisha hodi, ya pili huitika karibu, na ya kwanza huthibitisha kwamba imesikia. Baada ya hapo ndipo mazungumzo huanza.

Data hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Mpokeaji huthibitisha vipande vilivyofika, na kipande kilichopotea hutumwa upya kutoka kwa mtumaji wa mwanzo. Utaratibu huu unategemea mambo matatu: njia nzima iwe wazi kwa wakati mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, jibu lirudi haraka, na vipande vinavyopotea viwe vichache.

Kati ya nyota na nyota, masharti hayo yote matatu hayapatikani. Hodi iliyobishwa kutoka duniani ingefika Proxima Centauri baada ya miaka 4.24, na itikio lingetumia muda kama huo kurudi. Ingepita takribani miaka minane na nusu kabla neno la kwanza la ujumbe wenyewe halijaondoka. Kipande kimoja kikipotea njiani, kukiomba upya na kukipata kungegharimu miaka mingine minane na nusu. Programu nyingi za kompyuta hukata mawasiliano zikikosa jibu kwa sekunde chache au dakika chache.

Tatizo hili huanza karibu zaidi na nyumbani. Mawimbi hutumia sekunde 1.3 kufika mwezini, na kati ya dakika 3 na 22 kufika sayari ya Mirihi, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo katika mizunguko yake. Voyager 1 yenyewe ilitoa mfano wa gharama ya kusubiri. Mwezi Novemba 2023 chombo hicho kiliacha kutuma taarifa zinazosomeka kutokana na hitilafu katika kumbukumbu ya kompyuta yake. Wahandisi walituma marekebisho tarehe 18 Aprili 2024, na ilipofika tarehe 20 Aprili ndipo walipojua kwamba marekebisho yamefanya kazi. Kila swali walilouliza liligharimu takribani saa 45.

Pokea, hifadhi, kisha peleka

Mwaka 1998 Vinton Cerf, pamoja na wahandisi wa Maabara ya Jet Propulsion ya NASA iliyoko California, walianza kubuni mtandao usiotegemea jibu la haraka. Kazi hiyo ilizaa mfumo unaojulikana kama mtandao unaostahimili ucheleweshaji. Itifaki yake, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa Itifaki ya Mafurushi, ilichapishwa mwaka 2007, na toleo lake jipya lilitolewa mwaka 2022.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Mtumaji hufunga ujumbe mzima katika furushi moja, pamoja na kila kinachohitajika ili mpokeaji auelewe. Furushi hupelekwa hadi kituo cha kwanza. Kituo hicho hulipokea, hulihifadhi katika kumbukumbu yake, na hulishikilia hadi njia ya kwenda kituo kinachofuata itakapofunguka. Njia nzima haihitaji kuwa wazi kwa wakati mmoja. Inatosha kipande kimoja cha njia kiwe wazi leo na kingine kesho.

Mkulima wa kahawa wa Kagera anaufahamu mwenendo huu. Anapopeleka kahawa katika chama cha msingi, hupimiwa na kupewa stakabadhi. Kuanzia hapo dhamana ya mzigo ule ipo mikononi mwa chama. Chama cha msingi kinapoukabidhi kwa chama kikuu, dhamana huhama tena. Gunia likipotea baada ya makabidhiano, mkulima harudishwi shambani kuvuna upya. Anayeulizwa ni yule aliyelipokea mara ya mwisho.

Katika mtandao unaostahimili ucheleweshaji, kituo kilichopokea furushi kinaweza kubeba dhamana kwa namna hiyo hiyo. Furushi likiharibika kati ya kituo cha tatu na cha nne, linatumwa upya kutoka cha tatu. Katika safari ya miaka minne, tofauti hiyo inaweza kuokoa miaka kadhaa.

Mfumo huu umekwishajaribiwa na kutumika angani. Mwishoni mwa mwaka 2008, NASA iliutumia kupeleka na kupokea picha kati ya dunia na chombo kilichokuwa umbali wa takribani kilomita milioni 32. Mwezi Juni 2016 ulianza kutumika rasmi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Setilaiti ya PACE inayochunguza bahari na hewa, iliyorushwa mwezi Februari 2024, hutumia mafurushi ya aina hiyo kuleta data zake duniani.

Ratiba na anwani

Katika intaneti ya kawaida, vifaa vinavyoelekeza data huulizana mara kwa mara ni njia ipi iliyo wazi. Kati ya nyota, jibu la swali hilo lingefika likiwa limepitwa na wakati kwa miaka mingi. Kwa hiyo vituo vya aina hii hutegemea ratiba. Sayari na vyombo vya angani hufuata njia zinazoweza kukokotolewa mapema, hivyo kila kituo hupewa orodha inayoonesha ni lini kitaonana na kituo kingine, kwa muda gani, na data kiasi gani zinaweza kupita.

Msafiri wa Ziwa Victoria hupanga safari kwa namna hiyo. Anayekwenda Mwanza kwa MV Victoria hufuata ratiba ya meli, ambayo husafiri usiku na kupitia bandari ya Kemondo. Mzigo unaotoka kisiwani hupangwa ufike bandarini kabla ya meli kuondoka, kwa sababu ukichelewa dakika kumi tu utasubiri safari nyingine. Mtandao wa angani hufanya hesabu kama hiyo kwa kila furushi.

Jambo la pili ni anwani. Simu ya Bukoba inapotafuta tovuti, kwanza huuliza kompyuta maalumu jina la tovuti hiyo lina namba gani. Hakuna nafasi ya kuuliza swali kama hilo kwa nyota nyingine. Ufumbuzi uliopo ni kutumia anwani inayofafanuliwa hatua kwa hatua. Karani wa posta aliyeko Dar es Salaam anapopokea barua yenye anwani ya S.L.P. Muleba, hahitaji kujua nyumba ya mwandikiwa. Kazi yake ni kuielekeza Muleba, na watu wa Muleba watajua la kufanya. Vivyo hivyo, kituo cha duniani kingehitaji kujua tu furushi linakwenda upande wa nyota ipi, na maelezo mengine yangesomwa huko huko.

Hata kuelekeza antena kunahitaji hesabu. Nyota hazikai mahali pamoja, zinasogea. Nuru ya nyota inayoonekana usiku wa leo ilitoka huko miaka mingi iliyopita, kwa hiyo antena hulazimika kuelekezwa mahali ambapo mpokeaji atakuwapo ujumbe utakapofika.

Mawimbi yanavyodhoofika

Ucheleweshaji siyo kikwazo pekee. Mawimbi ya redio hutawanyika kadiri yanavyosafiri. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia mpokeaji hupungua hadi robo. Ukiongezeka mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia.

Voyager 1 hutuma mawimbi kwa nguvu ya wati 23 hivi, sawa na balbu ndogo ya nyumbani. Duniani hupokewa kwa antena kubwa, zikiwemo zenye kipenyo cha mita 70 zilizopo Marekani, Hispania na Australia. Pamoja na ukubwa huo, data za kawaida za chombo hicho huja kwa kasi ya biti 160 tu kwa sekunde, kiasi kinachotosha herufi ishirini hivi.

Proxima Centauri ipo mbali zaidi ya Voyager 1 kwa takribani mara 1,600. Kwa hesabu nyepesi, vifaa hivyo hivyo vikitumika kutoka huko, nguvu ya mawimbi ingepungua zaidi ya mara milioni mbili na nusu. Biti moja ingehitaji zaidi ya saa nne kupokewa, na herufi moja takribani siku moja na nusu. Ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 ungehitaji miezi minane hivi kupokewa wote, mbali na miaka minne ya safari.

Ufumbuzi mmoja ni kuweka vituo vya kati. Njia ikigawanywa katika vipande kumi vilivyo sawa, mawimbi yanayofika mwisho wa kila kipande yanakuwa na nguvu mara mia moja kuliko yale ambayo yangevuka njia nzima bila kupumzika. Kila kituo huyapokea, hurekebisha makosa, na kuyatuma upya yakiwa na nguvu mpya. Minara ya simu iliyopangwa kando ya barabara ya Bukoba hadi Muleba hufanya kazi kwa msingi huo.

Ufumbuzi wa pili ni kutumia miale ya leza, ambayo hutawanyika kidogo kuliko redio. Mwezi Desemba 2023, chombo cha Psyche cha NASA kilituma video kwa leza kutoka umbali wa kilomita milioni 31, zaidi ya mara 80 ya umbali wa Mwezi, kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde.

Ufumbuzi wa tatu bado ni wa kinadharia, nao ni kulitumia Jua lenyewe kama lenzi. Uzito wa Jua hupinda nuru inayopita kando yake na kuikusanya kuanzia umbali wa takribani mara 550 ya ule uliopo kati ya Dunia na Jua. Kituo kitakachowekwa huko kingeweza kusikia mawimbi dhaifu sana kutoka nyota nyingine. Voyager 1, pamoja na kusafiri kwa zaidi ya miaka 45, haijafika hata theluthi ya umbali huo. Hadi sasa hakuna kituo chochote kilichowekwa kati ya Jua na nyota nyingine.

Ujumbe unaojitegemea

Pale ambapo mtumaji hawezi kuulizwa, ujumbe wenyewe lazima ubebe majibu. Wahandisi hutimiza hitaji hilo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ziada ya kufidia kinachopotea. Waraka wa kurasa kumi unaweza kubadilishwa kwa hesabu maalumu ukawa kurasa kumi na nne, ambapo kurasa zozote kumi zitakazofika zinatosha kuunda upya waraka wote. Nne zikipotea, hakuna anayehitaji kuomba zirudiwe.

Njia ya pili ni muhuri. Furushi hutiwa saini ya kidijitali inayoonesha limetoka kwa nani na kwamba halikubadilishwa njiani. Pia hupewa utambulisho wake wa pekee, ili nakala mbili za furushi moja zikifika kwa njia tofauti, mpokeaji atambue kuwa ni ujumbe mmoja na asiutekeleze mara mbili.

Njia ya tatu ni muda wa uhai na daraja la umuhimu. Kila furushi huandikwa limetengenezwa lini na mwisho wa matumizi yake ni lini. Tahadhari ya upepo mkali ziwani haina maana ikiwafikia wavuvi baada ya boti kuzama, na haifai kuzuia nafasi ya ujumbe mwingine. Rekodi ya kuzaliwa kwa mtoto, kwa upande mwingine, inabaki na thamani hata ikichelewa mwezi mzima. Mtandao mzuri hutofautisha ujumbe unaoweza kungoja na usioweza.

Mkoa wa Kagera unafahamu uzito wa tofauti hiyo. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, na tarehe 2 Juni mwaka huo ikatangaza kwamba umekwisha. Katika mlipuko wa aina hiyo, taarifa ya mgonjwa mmoja mwenye dalili ina haki ya kupita mbele ya takwimu za kawaida za mwezi, kwa kuwa kila saa inayopotea inaweza kuongeza idadi ya waliomkaribia mgonjwa.

Funzo la historia: kutoka Bukoba ya 1915 hadi setilaiti

Bukoba ilikuwa kituo cha mtandao wa mawasiliano ya mbali zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakati wa utawala wa Wajerumani kulijengwa vituo vya simu ya upepo, yaani simu isiyotumia waya, Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Ziwa lililohitaji safari ndefu ya meli lilivukwa na mawimbi kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Vita Kuu ya Kwanza ilionesha udhaifu wa mpango huo. Mwezi Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba. Kituo cha simu ya upepo kilikuwa shabaha kuu, na kilibomolewa. Mtandao unaotegemea mlingoti mmoja hukatika siku mlingoti huo unapoanguka.

Funzo hilo lilijirudia kwa sura nyingine tarehe 12 Mei 2024, wakati mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na kudhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Njia zaidi ya moja hupunguza madhara ya tukio kama hilo, na Mkongo wa Taifa umeungana na nchi jirani katika mipaka ya Mutukula na Rusumo, yote ikiwa mkoani Kagera. Hata hivyo, njia nyingi peke yake haitoshi iwapo kila programu inakata tamaa mara tu jibu linapochelewa.

Afrika Mashariki pia imewahi kutumia mfumo wa kuhifadhi na kupeleka kupitia angani. Miaka ya mwanzo ya 1990, kabla intaneti haijaenea, shirika lisilo la kibiashara la SatelLife lilianzisha mtandao wa afya uliotumia setilaiti ndogo zinazozunguka dunia. Setilaiti ya HealthSat-2 ilirushwa mwezi Septemba 1993. Kwa kuwa haikusimama mahali pamoja angani, ilipita juu ya kituo kwa dakika chache tu, mara chache kwa siku. Madaktari katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, waliandaa maswali yao mapema. Setilaiti ilipopita iliyachukua, ikayahifadhi, na kuyashusha ilipofika juu ya kituo kingine. Ilifanya kazi ya boti inayobeba barua kutoka kisiwa hadi kisiwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walitumia vishikwambi. Palipokosa mtandao, majibu yalihifadhiwa ndani ya kifaa na kutumwa baadaye mtandao ulipopatikana. Wakazi 2,989,299 wa Mkoa wa Kagera waliohesabiwa ni pamoja na watu wa visiwani. Kama mfumo ungedai mawasiliano ya moja kwa moja kwa kila kaya, walio mbali na mnara ndio ambao wangekuwa wa kwanza kuachwa nje ya hesabu.

Maana yake kwa mwananchi

Upanuzi wa minara unaendelea kuwa msingi wa mawasiliano vijijini. Mwezi Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Pamoja na hatua hiyo, ziwa, milima na hitilafu za umeme vitaendelea kukatiza mawasiliano kwa vipindi. Huduma inayotolewa kwa njia ya mtandao inawafikia wote pale tu inapoandaliwa kwa kuzingatia kwamba baadhi ya watumiaji wake watakatikiwa katikati ya kazi.

Mwananchi naye anaweza kujilinda kwa kuelewa kanuni zilizoelezwa hapo juu.

Kwanza, atofautishe maneno matatu yanayoonekana kwenye simu janja au kishikwambi. "Imehifadhiwa" maana yake taarifa ipo ndani ya kifaa chake tu. "Imetumwa" maana yake imeondoka. "Imepokelewa" ndiyo stakabadhi. Mtu anayewasilisha ombi lenye tarehe ya mwisho asihesabu kuwa amemaliza kabla hajaona neno hilo la tatu au namba ya uthibitisho.

Pili, asirudie malipo kwa haraka pale mtandao unapokatika katikati. Malipo ya kwanza yanaweza kuwa yamekwishafika na ni jibu tu lililochelewa. Ni salama kuangalia salio na ujumbe wa uthibitisho kwanza, na kutunza namba ya kumbukumbu ya malipo.

Tatu, anayetoa taarifa aifanye ijitegemee: aeleze ni nani, ni wapi, ni lini, na ni nini kimetokea, katika ujumbe mmoja. Taarifa inayosema tu "kuna mgonjwa huku" inalazimisha maswali, na kila swali huhitaji mtandao uwepo tena.

Nne, jambo la dharura lisiachwe lisubiri ndani ya kifaa. Dalili za ugonjwa wa mlipuko zitolewe taarifa katika kituo cha afya kilicho karibu au kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, na ajali au moto kwa namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu isipopatikana, mtu atumwe kwa chombo cha kwanza kinachoondoka.

Vyombo vya kwanza vitakavyowasiliana na nyota nyingine bado havijatengenezwa, na huenda watakaovitumia hawajazaliwa. Wakati huo huo, katika gati la Kemondo na kwenye mialo ya Bumbire na Goziba, mafurushi yanaendelea kukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na anayepokea ndiye anayebeba dhamana hadi safari inayofuata.